Yakobo na Esau: Deni la Baraka (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha Yakobo safarini, akitoka kwa mjomba wake Labani. Mama yake, Rebeka, alimwambia atakaa huko siku chache tu, hasira za kaka yake zipoe. Siku hizo zikawa miaka 20. Sasa anarudi na wake, watoto na mifugo tele, na wajumbe wake wamemletea habari: Esau anakuja kumlaki, yeye na watu 400.

Mwanzo 32 inamwonyesha akiwa ameshikwa na hofu. Anasali kwa unyenyekevu, akikumbuka alivyovuka Yordani akiwa na fimbo tu mkononi. Lakini isome tena sala hiyo. Hakuna anapotaja kwamba alivaa ngozi za mbuzi mikononi na shingoni akamdanganya baba asiyeona ili achukue baraka ya Esau.

Kosa aliloshindwa kulitamka alilisemea kwa mifugo: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 pamoja na ndama wao, ng'ombe 50 na punda 30. Akawapanga makundi makundi, kila kundi na nafasi yake, ili Esau apokee zawadi baada ya zawadi kabla hajamwona mwenyewe. Ujanja wa zamani haukumtoka, tukubali.

Hata hivyo, walipoonana ana kwa ana ujanja uliisha. Isaka, baba yao, alipombariki Yakobo alimtakia awe bwana wa ndugu zake, nao wamsujudie. Leo mwenye baraka hiyo anasujudu mara saba, akimwita Esau bwana wake na kujiita mtumwa. Heshima aliyoiiba faraghani anairudisha hadharani, wake na watoto wakitazama. Kwangu mimi hiyo ni toba, hata kama neno "nimekukosea" halikusikika.

Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia. Mifugo aliikataa kwanza, kwa kuwa alikuwa nayo ya kutosha. Yakobo akamsihi mpaka akapokea. Alifanya vema kupokea, maana aliyesamehewa bila kulipa chochote hubaki na deni moyoni.

Dosari zilikuwapo. Yakobo aliahidi kumfuata Esau hadi Seiri, kisha akaelekea Sukothi. Na kabla ya kukutana, aliwatanguliza vijakazi na watoto wao, akafuatisha mkewe Lea na wanawe, kisha mkewe Raheli na mwanawe Yusufu akawaweka nyuma kabisa, mbali na hatari. Wana wa vijakazi hao, Bilha na Zilpa, walijiona wamewekwa wapi katika msafara ule? Wiki ijayo tutawakuta Dothani, wakiwa wakubwa, pamoja na Yusufu na shimo lisilo na maji.