Kifumbu Hakimo Orodhani

Maoni ya mchezaji wa kawaida kuhusu michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa

Likizo ya Desemba iliyopita tulisafiri kutoka Garissa kwenda Lamu kumzuru mama mkwe wangu. Njia hiyo wengi wenu mnaijua: Bura, Hola, Garsen, Witu, kisha Mokowe, na mwishowe mashua. Siku ya pili ya kufika kwetu, bibi alikuwa ameketi uani juu ya mbuzi akikuna nazi. Akamwita mjukuu wake wa miaka tisa: "Mwanangu, hebu nenda jikoni uniletee kifumbu."

Mtoto akaenda, akasimama mlangoni, akatazama kulia na kushoto, akarudi na kawa. Bibi akacheka, akamtuma tena. Akarudi na upawa. Mara ya tatu bibi aliinuka mwenyewe, na magoti yake yale, akakitungua kifumbu kutoka kwenye msumari uliokuwa sawasawa na macho ya mtoto.

Usiku, watoto walipokwisha kulala, aliniuliza kwa upole ulioniuma kuliko ukali: "Mkwe wangu, huyu mtoto haoni, au hakufunzwa?"

Anaona, alhamdulillahi, tena anaona sana. Nyumbani kwetu Garissa, akikaa mbele ya kompyuta, hupata kinara cha mishumaa, fidla, kiatu cha farasi na viatu vya kutelezea kwenye barafu kabla mimi sijavaa miwani. Majina yake yote anayajua kwa Kiingereza. Jicho ni zima. Kilichopungua ni orodha. Na orodha hiyo mimi ndiye niliyemwekea, kwa kuwa michezo hiyo niliipenda kabla yake. Kwa hiyo ninaandika makala haya nikiwa mchezaji, wala si mtu anayekemea asichokijua.

Mchezo wenyewe ulivyo

Kwa msomaji asiyekuwa na habari nao, mchezo huu ni mwepesi kueleza. Skrini huonyesha picha ya chumba, duka la kale au bustani, iliyosheheni vitu hata macho yakachoka. Chini ya picha pana orodha ya majina. Mchezaji hutafuta kila kilichotajwa, akakigusa, nacho kikatoweka. Orodha ikimalizika, mlango hufunguka, na kisa husonga mbele hadi chumba kingine.

Asili ya mchezo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1901 Mwingereza Rudyard Kipling alitoa riwaya iitwayo Kim, na ndani yake kijana anafunzwa kutazama sinia la vito kwa muda mfupi, kisha kuvitaja vikiwa vimefunikwa. Baden-Powell aliuchukua mchezo huo na kuwapa Maskauti katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mzee huyo alimalizia uhai wake hapa hapa Kenya, mjini Nyeri, akafariki mwaka 1941, na mchezo wake wa sinia ungali unachezwa na Maskauti. Nchini Marekani, jarida la watoto liitwalo Highlights limekuwa likichapa picha za vitu vilivyofichwa tangu 1946. Mwaka 1987 Martin Handford wa Uingereza akamchora Wally, bwana wa fulana ya mistari anayepotea katikati ya umati.

Kwenye kompyuta, mlango ulifunguliwa zaidi mwaka 2005, pale kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ilipotoa mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Mystery Case Files, uitwao Huntsville. Mwaka uliofuata ukaja Ravenhearst. Desturi ya wauzaji hao ilikuwa ya haki: mtu alijaribu saa moja bila malipo, akipendezwa alinunua mara moja, na mchezo ukawa wake hadi mwisho wa kisa. Baadaye simu ziliingia, na desturi ikabadilika, kama nitakavyoeleza.

Wema wake

Anayekaa Garissa anajua jua la huku. Kutoka adhuhuri hadi alasiri hakuna mtoto anayetumwa nje ila kwa dharura, na nyumba yenye watoto watatu ndani ya saa hizo ni mtihani. Mchezo huu ulinifaa kwa sababu tatu.

Kwanza, mara nyingi hauna risasi wala mbio, wala hauhitaji vidole vyepesi. Mama wa miaka arobaini na mtoto wa miaka sita huweza kucheza pamoja, na mara nyingine mdogo akamshinda mkubwa. Pili, huchezwa kwa mazungumzo. Watoto wangu hukaa bega kwa bega, huyu akisoma orodha, yule akinyoosha kidole. Sijaona mchezo mwingine wa kompyuta unaowakalisha hivyo bila kugombania kipanya. Tatu, hufunza subira. Katika ile michezo ya mwanzo, mtu aliyegusagusa ovyo alipunguziwa muda wake. Ilimlazimu atulie, atazame, ndipo aguse.

Sidai kwamba mchezo huu huongeza akili, wala simshauri mzazi aununue kwa tumaini hilo. Najua tu kwamba hutuliza, na utulivu wa saa ya jua kali ni neema.

Kero zake

Kero ndogo niianze. Watungaji wengine hudanganya: hupaka kitu rangi ya ukuta, au huficha sehemu kubwa ya kitu nyuma ya pazia na kuacha ncha tu. Tena Kiingereza kina maneno yenye sura mbili. Orodha ikisema "bow", huenda ni upinde, huenda ni utepe uliofungwa. Ikisema "bat", huenda ni popo, huenda ni gongo la kupigia mpira. Hilo halinikasirishi sana, maana hata sisi tuna yetu, kama mtakavyoona.

Kero ya pili ni visa. Michezo mingi ya aina hii imejengwa juu ya majumba yenye mizimu, laana na uganga. Mmoja wa mfululizo niliotaja, wa mwaka 2007, unaitwa Madame Fate, na kisa chake chote chamhusu mpiga ramli aliyeagua kifo chake mwenyewe. Mtu mzima aweza kusema ni hadithi tu. Lakini mtoto tunayemfunza madrasa kwamba ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu, kisha jioni akamfanyia kazi mpiga ramli ili kisa kiendelee, tunampa masomo mawili yanayopingana. Nyumbani kwangu michezo ya namna hiyo nimeifuta, na sijaona aliyeilia.

Kero ya tatu ndiyo kubwa, nayo imekuja na simu. Michezo mingi ya siku hizi hupatikana bure. June's Journey, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Wooga ya Berlin, ni miongoni mwa ile mashuhuri. Ni kisa cha bibi mmoja wa miaka ya 1920 anayechunguza kifo cha dada yake. Picha zake ni nzuri mno, sikatai. Ila katika michezo ya namna hii kila picha hula sehemu ya kile kiitwacho nguvu. Nguvu ikiisha, mchezaji hungoja ijae polepole, au hulipa. Na kisa hakina mwisho. Sura mpya huongezwa daima.

Hapo pana mtego, nao ulininasa mimi mwenyewe katika mchezo ambao jina lake nalihifadhi. Nilikuwa nimebakiza vitu viwili, nguvu ikaisha. Nikalipa shilingi mia mbili. Siku ya tatu nikalipa mia mbili nyingine. Kwa kuwa nguvu hujaa baada ya muda, nilianza kuishi kwa saa ya mchezo: namwaga chai huku nikihesabu, natia wudhu huku nikihesabu. Siku moja adhana ya alasiri iliponifikia, nilijiambia nimalize picha moja. Nilipoinua uso, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ametoka msikitini, hakusema neno. Tangu madrasa tumefunzwa kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi huhasirika kwazo. Siku ile nilielewa maana ya kuhasirika.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mchezo una mwisho, au hauna? Wenye mwisho, ulionunuliwa mara moja, usiohitaji intaneti, unaweza kuwa mgeni mwema nyumbani. Usio na mwisho ni mgeni asiyejua kuaga. Kwa anayetaka mfano mwema, upo Hidden Folks wa mwaka 2017, kazi ya watu wawili, Adriaan de Jongh na Sylvain Tegroeg. Umechorwa kwa mkono kwa wino mweusi, sauti zake zote zimetolewa kwa vinywa vya watu, hauna saa wala alama wala nguvu ya kununua. Watoto wangu huucheka hata wakaisahau orodha.

Vitu visivyopotea

Jirani yetu ni mzee wa Kisomali ambaye watoto humwita Awoowe, yaani babu. Ujana wake wote aliumaliza nyuma ya ngamia, na hata sasa hukosa usingizi asipopita soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Siku moja alimkuta binti yangu akicheza, akauliza anatafuta nini. Akaelezwa. Akatazama skrini kwa muda, kisha akasema: "Mtoto anatafuta vitu visivyopotea, na wala si vya mtu."

Akatusimulia jinsi ngamia aliyepotea anavyotafutwa. Mchungaji huutambua wayo wa mnyama wake mchangani kama sisi tutambuavyo mwandiko. Akifika kwenye kundi geni, hutazama chapa ya moto iliyo mwilini, kwa sababu kila ukoo una alama yake. Asipoona vizuri, nyumba hulala bila maziwa. Sikumjibu, lakini maneno yake nilikwenda nayo Lamu, na swali la bibi likayakuta kifuani.

Chumba kile cha skrini si chumba chetu. Nilimruhusu binti yangu akijue kila kitu cha jumba la Kiingereza ambalo hatalala ndani yake hata siku moja, nami sikumtembeza jikoni kwa bibi yake. Sisi tunaokaa mbali na pwani tunanunua tui la pakiti, na kifumbu hakina kazi. Kitu kikikosa kazi, jina lake huondoka kimya kimya.

Orodha ya Ijumaa

Tuliporudi Garissa tulifanya jambo jepesi, nalo ndilo ninalotaka kuwashauri wazazi wenzangu. Shemeji yangu wa Lamu hupiga picha moja ya nyumba ya bibi: jikoni, uani, au kabati lake la vyombo. Bibi humtajia orodha, naye huirekodi kwa sauti yake bibi na kututumia kwa simu pamoja na picha. Ijumaa baada ya alasiri tunakaa mkekani na kutafuta. Hakuna nguvu inayokwisha, na adhana ya magharibi ndiyo mwisho wa mchezo.

Orodha ya kwanza ilikuwa: kifumbu, upawa, kata, kawa, ungo, pakacha, chetezo, mbuzi. Binti yangu aligusa kifumbu kabla bibi hajamaliza kulitamka. Ndugu yake wa miaka sita, mtoto wa Garissa hasa, alitafuta mbuzi kwa dakika nzima, akakasirika, akasema bibi amekosea, maana hakuna mnyama jikoni. Bibi aliposimuliwa alicheka hata tukasikia kikohozi chake.

Wiki ya tatu, mke wa Awoowe, ambaye tunamwita Eeddo, alitaka naye aingie. Akatualika kwake, akatandika vyombo vyake: dhiil na haan za maziwa, zilizosukwa kwa nyuzi za miti, na dabqaad, chetezo chao cheupe. Watoto wakatazama, vikafunikwa kwa shuka, wakavitaja. Tukapiga picha, tukampelekea bibi Lamu na orodha yake. Chetezo alikipata upesi. Dhiil na haan alizibadilisha majina, na Eeddo akafurahi kama mwalimu.

Sasa niwaambie lililonipata mimi. Katika orodha moja bibi alitaja kibia. Watoto wakanitazama niwasaidie. Niliitazama picha kutoka pembe hadi pembe, nikaikuza, nikavaa miwani, nisikione. Ilibidi nipige simu. Kilikuwa mbele kabisa, katikati ya picha: kile kifuniko cha udongo juu ya chungu, nilichokuwa nikikiita sahani tangu nilipoolewa. Bibi hakuniuliza kama sioni au sikufunzwa. Alisema tu, "Haya, sasa umekijua," akaendelea na kilichofuata.

Ijumaa hii orodha mpya imeshafika. Ina majina kumi na mawili. Mimi nayajua tisa.