Jina Zuri Bila Floti Halitoshi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kwenye biashara ya pesa kuna swali la pili: mteja akishafika, utamhudumia na nini?

Biashara husimama kwa miguu miwili, sifa na rasilimali. Sifa humleta mteja. Rasilimali, yaani mtaji, watu na mitambo, humwezesha kupata alichokijia.

Tuchukue M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Kumpa mwenye duka pesa taslimu kisha ungoje SMS halikuwa jambo dogo. Ilisaidia kwamba jina la Safaricom lilishajulikana, na watu walizoea kununua kredo yake kwa maduka ya mtaani. Maduka hayo yalikuwa rasilimali pia, maana mengi yaligeuka kuwa mawakala. Halafu mwisho wa 2008 Wizara ya Fedha ikataka huduma hiyo ikaguliwe. Pesa za wateja zilikuwa benki chini ya wadhamini, kando na pesa za kampuni, na mapema 2009 serikali ikasema huduma ni salama. Jina lilisimama kwa sababu kulikuwa na kitu nyuma yake.

Kwa duka lako mambo ni yale yale. Tuseme wewe ni wakala na una floti ya shilingi 20,000. Asubuhi mteja anaweka 15,000, unabaki na 5,000. Wa pili anataka kuweka 8,000. Droo imejaa noti, lakini floti haitoshi. Unamwambia ajaribu baadaye, naye anavuka barabara. Ikitokea mara mbili tatu, mtaa mzima unajua kwako hakuna floti. Wateja wakipungua, kamisheni inapungua, na pesa ya kuongeza floti inakosekana.

Kwa hivyo tunakushauri:

- Andika kila siku umerudisha wateja wangapi kwa kukosa floti au pesa taslimu. Hao ndio watakuonyesha kiasi unachohitaji.
- Jipange kabla ya mwisho wa mwezi na siku za soko.
- Ukiishiwa, sema ukweli na utaje saa utakayokuwa tayari. Kisha uwe tayari saa hiyo.
- Usimwache mteja aondoke kabla SMS haijaingia.

Ukiwa na faida kidogo mwezi huu, usikimbilie kupaka duka rangi mpya. Ongeza floti kwanza. Mteja aliyehudumiwa atakutangaza bure.