Kobalti ndani ya jino la msumeno

Seremala anayenunua msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi mjini Nkubu, kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, huangalia upana, idadi ya meno na bei. Kinachoamua kama fedha zake zimepata thamani hakionekani: ni kiasi cha kobalti ndani ya jino. Kabaidi ya tungsteni ina ugumu wa kauri pamoja na udhaifu wake, yaani hupasuka ikigongwa, na huyeyuka tu joto likipita nyuzi 2,700. Unga wake ukichanganywa na kobalti na kuchomwa karibu nyuzi 1,400, kobalti huyeyuka, hupenya katikati ya chembe, huzivuta pamoja na kuziba matundu. Kobalti ya asilimia 6 hivi hutoa jino gumu lenye makali ya kudumu. Ikiongezwa, ugumu hupungua lakini jino hustahimili vishindo, sifa anayoitaka mchimba visima au mpasua mawe. Basi bei peke yake haisemi lolote, kwa kuwa meno mawili yanayofanana yanaweza kuwa ya kazi mbili tofauti kabisa.

Ufundi huu si wa jana. Wajerumani waliuvumbua miaka ya 1920. Ajabu ni kwamba malighafi ni za majirani zetu. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na Rwanda huchimba tungsteni Nyakabingo, lakini jino hutufikia kutoka ng'ambo. Kinshasa iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje Februari 2025, kisha ikaweka viwango vya mgao Oktoba, bei ilipanda. Wapo watakaosema dawa ni kujenga kiwanda Meru. Sikubaliani: tanuri za kuchoma bila hewa na unga safi ni gharama isiyobebwa na soko la maseremala. Wengine watasema msumeno wa bei rahisi unamtosha fundi mdogo. Kweli, kama hukata mbao laini mara mojamoja. Anayepasua mgrevilea kila siku atanunua mara tatu. Faida iliyo karibu ni ukarabati: kuchomelea meno mapya kwa aloi ya fedha na shaba, kunoa kwa jiwe la almasi, na kutenga meno yaliyochakaa yasiuzwe kama chuma chakavu cha kawaida, maana takriban theluthi moja ya tungsteni inayotumika duniani hutokana na chakavu. Wenye maduka nao wawabane waagizaji waandike asilimia ya kobalti kwenye pakiti. Mnunuzi, usilipie jino ambalo muuzaji hawezi kukueleza limetengenezwa kwa kazi gani.