Tapu ndogo: Kata nyuzi za skrubu bila kuharibu kifaa cha mteja

Nyuzi za tundu moja la skrubu zikiisha, cherehani nzima husimama. Ndivyo ilivyo pia kwa pampu ya kunyunyizia dawa shambani, jenereta ndogo au kabureta ya pikipiki. Fundi anayejua kutumia tapu, yaani chombo cha chuma kigumu cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, hurudisha kifaa kazini siku hiyo hiyo. Asiyejua huivunja tapu tunduni, na mteja akapoteza zaidi ya skrubu.

Tapu ndogo, hasa za milimita 3 hadi 6, huvunjika kwa urahisi. Mara nyingi kosa huwa limefanyika kabla tapu haijaingia tunduni.

Tambua nyuzi kwanza

Soma maandishi kwenye shina la tapu. M4 x 0.7 maana yake ni skrubu ya unene wa milimita 4, na umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 0.7. Mashine za zamani kutoka Uingereza na Marekani huenda zikawa na nyuzi za kipimo cha inchi. Mfano ni 6-48, yenye unene wa karibu milimita 3.5 na nyuzi 48 kwa kila inchi. Skrubu ya M3.5 inafanana nayo kwa macho, lakini itaingia mizunguko michache tu kisha ikwame au iharibu nyuzi. Tumia geji ya nyuzi, usikisie.

Toboa tundu la kipimo sahihi

Kwa nyuzi za milimita, kanuni ni rahisi: toa umbali wa uzi kwenye unene wa skrubu.

• M3 x 0.5: keekee ya 2.5
• M4 x 0.7: keekee ya 3.3
• M5 x 0.8: keekee ya 4.2
• M6 x 1.0: keekee ya 5.0

Tundu likiwa dogo kuliko hapo, tapu hukata chuma kingi kupita kiasi na kuvunjika. Kama nyuzi za M4 zimeisha na chuma kinachozunguka tundu ni kinene, unaweza kulipanua kwa keekee ya 4.2 na kuweka M5. Mweleze mteja kabla ya kufanya hivyo.

Chagua tapu inayofaa

Seti kamili huwa na tapu tatu. Ya kwanza imechongoka sana nchani ili ianze kazi kwa wepesi, ya pili imechongoka kidogo, na ya tatu humalizia tundu lisilotokea upande wa pili. Ukianza na ya tatu, unajitafutia hasara. Nunua zilizoandikwa HSS, kwani zile za bei ya chini za chuma cha kaboni huisha makali upesi.

Kukata

Bana kifaa kwenye jiliwa. Simamisha tapu wima na uihakikishe kwa guni pande mbili. Tumia mkono wa tapu, si drili ya umeme. Zungusha nusu mzunguko mbele, kisha robo nyuma ili kuvunja chembe za chuma. Kwenye chuma cha pua weka mafuta ya kukatia. Kwenye alumini mafuta ya taa yanafaa. Chuma cha kalibu hukatwa kikavu. Ukihisi tapu inajipinda au imekuwa nzito, usilazimishe. Irudishe nje, safisha chembe, uanze tena. Vaa miwani ya kinga wakati wote, kwani tapu ikivunjika vipande huruka.

Tahadhari kuhusu bunduki

Tapu ndogo kama 6-48 hutumiwa pia na mafundi wa bunduki kufungia darubini za kulengea. Hapa Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaruhusu biashara ya kutengeneza au kurekebisha bunduki kwa waliosajiliwa pekee. Ukiletewa bunduki kwenye kibanda chako, hata kwa skrubu moja tu, kataa kazi hiyo. Ukishuku kwamba haimilikiwi kihalali, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Jifunze zaidi

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Tembelea kilicho karibu nawe uulize kuhusu mafunzo ya ufundi wa mitambo. Fundi aliyejifunzia kazini naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti cha kuthibitisha ujuzi wake.