Dashibodi ya Datsun na Jua Linaloipasua

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Injini tutaiacha kwa siku nyingine. Leo tunakaa kwenye kiti cha dereva, tunafunga mlango, kisha tunatazama kilicho mbele yetu: dashibodi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Wajapani walilizindua mwishoni mwa 1969: milango miwili, boneti ndefu, na lile lililopelekwa nchi za nje lilipewa injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 2.4. Wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, akisomewa njia na Hans Schüller, alishinda nalo mbio za East African Safari. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Ushindi huo wa pili ulikuwa wa kung'ang'aniana, maana Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare.

Sasa tazameni mbele. Nyuma ya usukani kuna geji mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini, kila moja imezama ndani ya kishimo chake kirefu. Katikati ziko nyingine tatu ndogo zilizopangwa mstari mmoja na kugeuzwa kidogo zimwelekee dereva. Moja inaonyesha joto la maji na presha ya oili, ya pili chaji ya betri na mafuta ya tangi, ya tatu ni saa. Kila kitu kinachozizunguka ni cheusi, laini, kisichong'aa.

Mjukuu mmoja wa mbele keshanyoosha mkono: "Babu, kwa nini wasiweke mbao nzuri zenye vanishi, kama magari ya Waingereza?"

Swali zuri. Fanyeni jaribio hili kwanza. Gari likiwa limeegeshwa saa sita mchana, wekeni karatasi nyeupe juu ya dashibodi, kisha tazameni barabara kupitia kioo cha mbele. Mtaiona karatasi inaelea kwenye kioo, katikati ya njia. Kioo kilicholala namna ile hurudisha kwa dereva picha ya kila king'aacho chini yake. Mbao iliyopigwa vanishi ikiwekwa juu ya dashibodi itafanya vilevile, na mbuzi akikatiza njia utachelewa kumwona. Ndiyo maana Waingereza wenyewe, walipotumia mbao katika magari kama Triumph TR6, waliziweka kwenye uso uliosimama, unaomtazama dereva. Sehemu ya juu, iliyo chini ya kioo, waliiacha nyeusi.

Ulaini nao una sababu yake. Marekani, ambako magari mengi ya 240Z yaliuzwa, kuanzia 1968 sheria ilitaka sehemu zilizo mbele ya abiria zipunguze kishindo kichwa kikizigonga. Kwa hiyo dashibodi hii ina mifupa ya chuma, juu yake sponji nene, na juu ya sponji ngozi ya plastiki iitwayo vinili.

Hapo ndipo jua linapoingia kwenye hadithi yetu.

Vinili kwa asili yake ni plastiki ngumu. Ili ijikunje na kubonyea, kiwandani huchanganywa na kemikali ya kulainisha. Gari likianikwa juani, joto la ndani hupanda sana, na kemikali ile huanza kutoka kidogo kidogo. Mnaujua ule ukungu wa mafuta unaojipaka upande wa ndani wa kioo cha mbele, unaosumbua usiku taa za magari mengine zikikujia? Sehemu ya ukungu huo ni ulaini wa dashibodi uliohama. Kinachobaki nyuma kinakakamaa na kusinyaa. Sponji haisinyai kwa kiasi kilekile, basi ngozi inavutika, inavutika, hadi siku moja inaachia. Ufa huanzia pale ngozi ilipokatwa au kukunjwa, pembeni mwa matundu ya hewa na kwenye vilele vya vile vishimo vya geji. Kupata 240Z ya zamani ambayo dashibodi yake haijapasuka hata kidogo ni kazi, na mwenye nayo hutamba.

Wenye kupasukiwa wana njia kadhaa. Ya haraka ni kununua kifuniko cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo lilelile na kukibandika juu ya mipasuko. Kwa mbali kinapendeza. Kwa karibu unaona ukingo wake, na mimi nikishauona ukingo siwezi tena kuona kitu kingine. Wengine hutandika kitambaa cha manyoya kama kwenye daladala. Hilo silikatai, lina raha yake, ila geji za gari hili zina vishimo vitano na kitambaa hakijui pa kupita.

Njia ya fundi ni ndefu. Kwanza anachomoa waya hasi wa betri, maana nyuma ya dashibodi kuna msitu wa nyaya na bisibisi moja ikigusa pasipotakiwa, moshi unatoka. Anapiga picha kila upande. Anafunga karatasi yenye namba kwenye kila waya. Usukani unatoka, geji zinatoka, kisha watu wawili wanainyanyua dashibodi nzima, kwa sababu ni ndefu kama gari lilivyo pana na mtu mmoja ataipinda. Mezani, kila ufa unachongwa upanuke uwe kama herufi V, ili kijazio kipate pa kushika. Kijazio lazima kibonyee. Ukiweka kigumu, jua litakuja kupasua kando yake. Kikikauka kinapigwa msasa mpaka kidole kikipita hakihisi mpaka.

Baada ya hapo ndipo mwenye gari anapochagua sura, na hapa watu hugombana.

Anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani hutafuta vinili mpya yenye vinyweleo vilevile vya zamani. Hupashwa moto ikalegea, hewa ikanyonywa kutoka chini yake, ikajibana kwenye kila kona. Anayetaka anasa humpelekea fundi wa makochi ngozi ya ng'ombe. Ngozi inapendeza, lakini haipendi mashimo marefu, kwa hiyo fundi hulazimika kuikata vipande na kuishona, na mshono uliopinda nusu sentimita utamkodolea dereva macho kila siku. Kuna wanaozungushia geji pete za kromu. Mimi nasema hapana. Kishimo kile kilichimbwa ili mwanga usiifikie geji, halafu wewe unamwekea mwanga kioo cha kujitazamia!

Chaguo ninalolipenda mimi linatoka kwenye magari ya mbio. Dashibodi hupakwa gundi, kisha hunyunyiziwa nyuzi fupi mno zilizotiwa chaji ya umeme. Umeme huo huzifanya zisimame wima zinapotua, jinsi nywele zinavyosimama ukizikaribishia chanuo ulilolisugua kwenye sweta. Gundi ikikauka unabaki na uso mweusi wa manyoya mafupi kama mahameli. Mwanga ukiingia humo haurudi. Ubaya wake ni vumbi: likiingia nalo halirudi.

Na kama mnataka sura ya Safari hasa, tazameni upande wa msoma ramani. Magari ya mbio ya zama zile yalifungwa kifaa cha Kiswidi kiitwacho Halda, chenye tarakimu za kuhesabu umbali uliokwenda. Kiliendeshwa na kebo, na ndani yake mlikuwa na vigurudumu vya meno vilivyoweza kubadilishwa ili hesabu ilingane na ukubwa wa matairi. Kando yake taa ndogo ya ramani, kwenye shingo inayopindika. Leo watu huvitafuta vifaa hivi na kulipa pesa nyingi.

Lakini msitoboe dashibodi ya asili ili kufunga Halda. Wala redio mpya, wala geji ya sita. Kata bati jembamba kwa umbo la paneli ya katikati, lipake rangi nyeusi isiyong'aa, toboa humo unavyotaka, na ile ya asili ifunge kwenye blanketi uiweke kabatini. Atakayelinunua gari baada yako ataiulizia kabla hajauliza habari za injini.

Imebaki saa. Ya 240Z inajulikana kwa kugoma, na nyingi zilisimama miaka mingi iliyopita. Mafundi wa siku hizi huifungua, hutoa mashine yake ya zamani na kutia ya quartz, ndogo na ya bei nafuu, nyuma ya uso na mishale ileile. Wengine wanasema huo ni udanganyifu. Mimi ningeitia, kisha ningewafuata hao wanaosema niwaulize saa zao zinaonyesha saa ngapi.