Mshahara Ghafi Si Bei ya Mkataba

Mwajiri anapomwambia mfanyakazi wake wa kudumu kwamba kuanzia mwezi ujao atamlipa kama mshauri wa kujitegemea, "kwa kiasi kilekile", watu wengi husaini kwanza na kupiga hesabu baadaye, Mamlaka ya Mapato (TRA) inapodai salio lake. Hesabu hiyo yafaa ipigwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tuchukue mtu wa kompyuta jijini Dar es Salaam mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,500,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) unachukua asilimia 10, yaani 150,000. Kodi ya mshahara (PAYE) kwenye kiasi kinachobaki ni 233,000. Mkononi anapata 1,117,000. Mwajiri naye anatoa zaidi ya mshahara huo: NSSF 150,000 nyingine, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) 52,500 kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, na 7,500 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo mtu huyu anamgharimu 1,710,000 kwa mwezi.

Sasa anaingia mkataba wa huduma kwa 1,500,000. Mlipaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kumpa 1,425,000. Ongezeko la 308,000 kila mwezi linavutia, na ndilo linalowaponza watu, kwa sababu kodi hiyo ya zuio ni malipo ya awali tu. Kipato chake cha mwaka, 18,000,000, kinatozwa kwa viwango vilevile vya mshahara. Asipokuwa na gharama za kutoa, kodi ni 3,336,000. Zuio limelipa 900,000; zilizobaki, 2,436,000, ni zake kulipa, na sheria inamtaka awasilishe makadirio na kulipa kwa awamu nne ndani ya mwaka. Ule utaratibu mwepesi wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo haumhusu, kwa kuwa huduma za kitaalamu zimeondolewa humo.

Ni kweli kwamba mkataba unampa haki ambayo mwajiriwa hana: kutoa gharama za kazi kabla ya kodi, kama intaneti, pango la ofisi na nauli ya kumfuata mteja. Lakini gharama hizo zinataka ushahidi, hasa risiti ya mashine ya kodi (EFD), na bodaboda hana mashine hiyo. Bila nidhamu ya kutunza risiti, haki hii inabaki kwenye vitabu vya sheria.

Baada ya kodi yote, bila gharama, anabaki na wastani wa 1,222,000 kwa mwezi. Amepata nyongeza ya 105,000. Alichopoteza ni 300,000 zilizokuwa zikiingia NSSF kila mwezi kwa jina lake, likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, likizo ya ugonjwa, na kiinua mgongo pale kazi inapokoma. Mwanamke anapoteza pia siku 84 za uzazi. Naona ni dhuluma kumwita mtu mezani na kumwonyesha ile 308,000 peke yake.

Mazungumzo ya bei yanapaswa kuanzia 1,710,000 kwenda juu, kwa sababu hicho ndicho mwajiri anacholipa tayari. Kwa mwenye wateja watatu au wanne, anayejipangia muda na kutumia vifaa vyake, mkataba wa namna hii unaweza kumfaa sana.

Kwa anayeendelea kuripoti asubuhi kwa bosi yuleyule na kutumia kompyuta ya ofisi, jina la mkataba halimalizi jambo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: kusimamiwa namna ya kufanya kazi, kupewa vitendea kazi, kumtegemea kiuchumi mlipaji mmoja, au kumfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Akiachishwa isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ratiba ya kazi, barua pepe za maagizo na taarifa za benki ndizo zitakazomsemea huko.