Fahamu: Jinsi ya kupatana bei ya Land Cruiser iliyotumika ukiwa Wajir

Wajir, Land Cruiser ni gari la fahari na la kazi pia: huvuka mchanga wa kiangazi na matope ya masika. Ila yadi kubwa ziko Nairobi na Mombasa. Kabla hujafunga safari, fahamu haya.

Kwa nini bei iko juu?
Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mwaka 2023 ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kodi haina mjadala. Kinachojadiliwa ni faida ya muuzaji.

"Limekaguliwa" maana yake nini?
Omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi, ulinganishe kilomita na za dashibodi. Likiwa na namba ya Kenya, tafuta rekodi zake NTSA kupitia eCitizen ujue mmiliki ni nani.

Nitapunguziwaje?
Nenda na fundi wako. Tairi lililoisha au springi iliyochoka ni hoja ya bei. Uliza bei yadi tatu kabla ya kutaja yako.

Na murabaha?
Benki hununua gari, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Patana na muuzaji kwanza, kwa kuwa faida hiyo hujengwa juu ya bei ya ununuzi.

Mnunuzi wa ngamia hutazama meno kwanza, bei baadaye. Gari ni vivyo hivyo.